Nyama Inayosikika

Tangu baridi iliyopita baba hana pua.
Ugonjwa ulimwachia kila kitu kingine:
magoti mabovu, deni la gari,
ulimi unaojua moto na ubaridi tu.
Siki kwake ni maji. Nanasi ni nyuzi.
Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya karai
katika mkahawa wa mwenyewe, Mtaa wa Fraser,
na sasa anasema kula ni kutafuna maumbo.

Lakini masikio anayo.
Kwa hiyo kila Jumanne, siku yangu ya mapumziko,
tunavaa makoti ya mvua, mimi na mzee Szeto,
mvua ya Vancouver isiyonyesha wala kukoma,
tunapanda basi
kwenda kusikiliza nguruwe.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa na taa za waridi
na picha za vyakula hadi mlango wa choo.
Kizuri chajiuza, nikawaza; hiki chajitembeza.
Vipande vililetwa vikiogelea
katika mchuzi mwekundu kama rangi ya kucha.
Baba akauma. Kimya.
Akauma tena, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.
"Wamemzamisha," akasema. "Lipa twende."

Wa pili, unga ulikuwa mnene kuliko nyama.
Mlio ulikuwepo, lakini wa mkate uliokauka,
wa mtu anayecheka kwa sababu bosi amecheka.
Wa tatu, mbavu za chumvi na pilipili
zilizokaangwa asubuhi, zikalala, zikapashwa:
ukiziuma zinalalamika.
Wa nne umekuwa duka la simu.
Pale baba alikaa sana, kiganja juu ya kioo.
"Keung alikuwa hapa," akasema. "Shoto. Alikaanga kama anadaiwa."

Wifi yangu alipiga simu:
mchagua nazi hupata koroma, mpikie uji alale.
Sikumjibu. Uji hauna sauti.

Wa tano uko chini ya ardhi,
kati ya fundi cherehani na daktari wa meno.
Meza nane, mguu wa moja umeinuliwa kwa kadibodi.
Hatujaketi, baba akainua kidole.
Nyuma ya pazia mafuta yalikuwa yakinguruma chini chini,
kama barabara yenye maji.
Kisha yakanyamaza.
"Amemtoa," baba akanong'ona. "Anampumzisha. Subiri."
Nikasubiri. Hata muuguzi wa meno aliyekuwa akila tambi
akasubiri, bila kujua anasubiri nini.
Ndipo yakaja mafuta ya pili: makali, membamba,
na baba akafumba macho
kama watu wengine wanavyofumba kanisani.

Sahani ilikuja. Mchuzi umevaliwa, haukujazwa.
Hoho, kitunguu, nanasi.
Akauma.
Kacha!
Muuguzi akageuka.

Nilingoja muujiza. Haukuja.
"Siki ipo?" akaniuliza.
Ipo, baba. Inatangulia. Sukari iko nyuma yake,
halafu mafuta, halafu kitu kama moshi.
"Polepole," akasema. "Hujaniambia mafuta yalivyo."

Nikaanza upya, kipande kwa kipande,
mimi niliyekua nikila nguruwe wake saa sita usiku
kutoka kwenye boksi alilobeba chini ya koti,
amelegea kwa mvuke wake mwenyewe,
mtamu, laini, bubu.
Utoto wangu wote niliamini ndivyo anavyopikwa.
Sikujua kwamba mita tatu kutoka kwenye karai
alikuwa na sauti namna hii,
na kwamba baba aliisikia kila siku,
akaifunika, akaniletea kilichobaki.

Mpishi akatoka akijifuta mikono, Bibi Pang,
mfupi, nyusi zimeungua upande mmoja.
"Kuna kasoro?" akauliza.
Baba akanitazama mimi, ulimi wake wa kuazima.
Nikatafuna. Nikasema kweli:
"Nanasi ni la kopo."

Bibi Pang akakunja uso.
"Ah," akasema baba, akichukua kipande kingine.
"Hata langu."