Kiduha

Mwaka wa kwanza nilisema ni jua.
Mwaka wa pili udongo ulikuwa na unyevu,
mahindi yakasinyaa vilevile, kimo cha goti,
nikasema: ni Mihayo.

Ushahidi nilikuwa nao, au niliuita hivyo.
Alipita mpakani siku ya kupanda, hakusalimu.
Mbuzi wake alikufa, wangu akazaa mapacha.
Igalula nzima ilijua tumenuniana;
misiba miwili tulikaa mikeka mbalimbali.
Kalunde, mke wangu, alisema, "Chimba kwanza, ndipo ulaani."
Sikuchimba.

Na chini ya mahindi yale lilichanua ua.
Nisiseme uongo, lilikuwa zuri:
zambarau ya kanga iliyofuliwa sana.
Binti yangu alichuma fungu, akalitia kwenye chupa,
akaliweka mezani,
tukala ugali wa unga wa kununua
huku tukilitazama.

Bibi shamba alikuja Februari,
pikipiki yake tope hadi kwenye tangi.
Nyamizi. Habari za Mihayo hakutaka kuzisikia.
Aliiona ile chupa, akatua kikombe cha chai.
"Hili mmelitoa wapi?"

Shambani alipiga magoti. Hakung'oa, alichimba,
taratibu, kama anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
akainua hindi na ua kwa pamoja,
akaviosha ndani ya ndoo.
"Tazama hapa."
Vizizi vyeupe vya ua
vilikuwa vimeng'ata mzizi wa hindi, havikutaka kuachia.
"Kiduha. Ukikiona juu, chini kimeshakula wiki nyingi."

Akapasua kitumba kikavu kiganjani mwangu.
Mbegu? Vumbi. Laini kuliko ugoro wa marehemu baba.
Nikataka kupuliza, akanidaka mkono.
"Ukipuliza, umepanda.
Hizi hulala ardhini hata miaka ishirini,
zinangoja harufu ya mzizi."

Basi tukang'oa, hata vile ambavyo havijachanua.
Vyenye maua tulivifunga gunia, tukavichoma pale pale,
visipite njiani.
Jembe tuliliosha kama sahani ya mgonjwa.
Samadi iliyooza vizuri. Na mahindi, msimu ujao, hakuna:
kunde, na karanga.
Karanga hukilaghai, alisema;
mbegu huamka, hunyoosha kizizi gizani,
haipati pa kung'ata,
hufa kwa njaa.
Nilifurahi kusikia hivyo kupita inavyompasa mtu mzima.

Alikuwa ameshavaa kofia ngumu alipouliza,
"Plau yako, nani mwingine huitumia?"

Kalunde alinitazama. Mimi nilitazama reli.

Miaka mitatu nyuma niliiazimisha kwa Mihayo,
udongo wangu ukiwa umegandamana kwenye vyuma,
kabla hatujaanza kununiana.

Jioni nilivuka mpaka na kibaba cha karanga za mbegu.
Shamba lake lilikuwa zambarau kuliko langu.
Alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni,
na kwa jinsi alivyonitazama nikaelewa
jina alilokuwa akilitaja miaka yote hiyo.

Nikachimba kimoja mbele yake. Nikakiosha.
Alikiangalia muda mrefu.

Radhi hatukuombana.
Aliuliza tu kama gunia moja litatosha.
Nikamwambia halitatosha,
akaenda kuleta mengine.