Nambari Arobaini na Mbili

Wajukuu wa marehemu waliniletea boksi la viatu,
wakauliza: hizi zina thamani?
Hapa Rouyn, mwezi wa Januari, mlango ukifunguka
baridi huingia kwanza, mteja baadaye.

Nikazipanga juu ya kioo.
Pembe zimelika. Migongoni bado kuna madoa ya chingamu
ya mwaka hamsini na tatu, waridi iliyogeuka kahawia.
Nyingine zina alama ya kibanio cha nguo:
mtoto fulani alizibana kwenye spoku za baiskeli
ili ilie kama pikipiki,
na magwiji wakazabwa makofi na waya
hadi alipoitwa kula.

Nambari arobaini na mbili. Ovila Charlebois, beki.
Kimo. Uzito. Mechi kumi na tisa. Goli: moja.
Mstari wa mwisho: wakati wa kiangazi huuza mikate.
Basi. Maisha ya mtu kwenye nafasi
isiyotosha maelezo ya dawa ya kikohozi.
Bei yake kitabuni mwangu ni dola mbili.
Jirani yake, yule aliyechongewa sanamu,
angeniezekea nyumba nzima.

Ijumaa akaja mwenyewe.
Namjua, ndiye aliyeendesha basi letu la shule:
vidole viwili vya kushoto havikunjiki,
pua imekwenda upande
kama inayosikiliza ugomvi wa majirani.
Kila mwezi huja na swali lile lile:
"Nipo?"
Nilidhani ni majivuno ya uzee. Nani hapendi
kujiona kijana, nywele zikimeta mafuta?
Nikamtolea. "Ulikuwa mtanashati, mzee."
Akacheka, ufizi mtupu.
"Huyo si mimi."

Mpiga picha alikuja siku moja tu, akaniambia,
ana haraka, ana njaa, akachanganya majina.
Huyo ni Léandre Thivierge. Tulilala chumba kimoja.
Akiteleza, barafu ilimwonea haya.
Aprili alirudi kwao, aingie mgodini miezi miwili tu
amlipie mama yake deni la jiko.
Mwamba haukungoja miezi miwili.

Kadi nyingine hana. Picha ya harusi hana,
hakufika huko.
"Niliwaandikia kiwandani wasahihishe.
Wakanitumia paketi tano za chingamu."

Anazo mia moja na kumi na saba, katika kopo la biskuti:
zote jina lake,
zote uso wa mwenzake.

Nikamwambia achukue bure. Akakataa,
akahesabu sarafu moja moja juu ya kioo.
"Hakuna aliyewahi kumlipa vizuri yule."
Akaiweka ndani ya kofia, akaivaa kofia.

"Na lile goli moja," nikamuuliza mlangoni,
"ni la nani?"

Baridi ilikwisha kuingia.
"Langu hilo," akasema. "Langu kabisa.
Ila pasi ilikuwa yake."