Ramani ya Agosti

Nyuma ya kalenda ya duka la dawa za mifugo,
kwenye ukurasa wa Machi uliokwishapita, karatasi nene ya kung'aa,
Kandie anachora barabara kwa kalamu ya buluu.
Mezani pamebaki makombo ya mandazi. Jerotich anayapanga:
kombo hili Mogotio, hili Marigat,
hili kubwa Kabarnet kwa sababu liko mlimani.
Mdogo wake anakula Mogotio.

Tuna siku sita. Saba, nikipata wa kunishikia zamu ya Jumapili.
Tuna Probox tuliyoinunua kwa mtu wa Njoro
aliyeapa kwamba haijawahi kubeba vitunguu.
Jua likiwaka, vitunguu vinatusalimu.
Fundi Githaiga aliingia chini yake juzi,
akatoka akijifuta mikono: bushi za mbele zimekula chumvi.
"Kisumu zitafika. Kurudi, hilo mwulizeni Mungu."
Na bei ya petroli hutangazwa tarehe kumi na nne,
basi tutoke kumi na tatu,
tujaze tangi usiku kama watu wanaokimbia deni.

Orodha yangu: mayai kumi na mawili, mabichi,
maana Bogoria maji huchemka yenyewe, hayaulizi gesi.
Chumvi kwenye karatasi. Jeki. Vidonge vya kutapika
kwa ajili ya zile kona za Tambach.
Ndoo tupu, irudi na asali ya Koriema.
Viatu vya kanisani, ndiyo, vya kanisani,
dada yangu Aluoch hatembelewi na ndala,
hata kama nyumba yake Kisumu ina matope hadi kizingitini
tangu ziwa letu nalo lijifunze kupanda.

Orodha ya Kandie ni fupi. Heroe, kama hawajahama.
Mstari wa ikweta, tutakaouvuka mara mbili,
na mara zote mbili Kiprugut atataka kuukojolea,
mguu mmoja huku, mmoja kule.

Kisha kalamu inafika Baringo, inakata kulia.

"Hapo," anasema mama yake kutoka mlangoni,
ungo wa maharagwe magotini, bila kuinua macho,
"hapo siku hizi wanapita kambare."

Tulikuwa tumemhesabia abaki. Alinde kuku.
Anakuja na ungo wake, anauweka juu ya Eldoret,
anachukua kalamu anavyoshika mwiko,
anachora ukingo wa maji, mstari unaotetemeka.
"Mwaka ule lilifika hapa. Uliofuata, hapa.
Hili zizi. Huu mlango wangu. Hapa nilizika kitovu chako."
Mstari unapita juu ya vyote, polepole,
hadi unagusa jina la duka na namba zake za simu.

Jerotich ananyanyua makombo yaliyobaki,
asiyaloweshe.

Kandie anatazama kalamu, si karatasi.
Wino haufutiki. Anasema tunaweza kuzunguka,
tupite juu, kuna njia mpya,
si lazima mtu aone.

"Wewe unapanga," Mama Kobilo anamjibu,
"na ziwa limepanga kwangu, mwaka wa ngapi huu, bila kodi.
Mwenye nyumba haendi kumwona mpangaji wake?
Sendi kulia. Mgunga wangu ulibaki wima majini.
Nataka kujua ni ndege gani anaulalia."

Kimya. Kuku mmoja anaingia, anaokota Marigat.
Nawaza viti: vitano. Nawaza jirani yetu Nyaboke
na kama anaweza kuaminiwa na kuku.
Kandie anatia nukta mahali pasipo na barabara,
katikati ya buluu, anaizungushia duara.

Mama amerudi mlangoni, maharagwe yanacheza ungoni,
mawe upande huu, mbegu upande ule.
"Na hayo mayai," anasema, "kumi na mawili
unawagawiaje watu watano?"

Nakata kumi na mawili.
Naandika kumi na matano.