Jembe la Mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Hawa wameshuka saa tatu asubuhi,
meli yao inang'oa nanga saa kumi na moja jioni,
na jembe wameliomba kabla ya maji ya kunywa.

Ni Oktoba, Portland ya Maine, mwezi wa meli.
Zinafunga gati chini ya mji, nyeupe, ghorofa kumi na nne,
zinafunika duka la samaki na nusu ya jua.
Basi linawapandisha kilima cha Munjoy
hadi bustani yetu:
watu thelathini na wawili, fulana za rangi ya chungwa
bado zina mikunjo ya kiwandani.
Kila mmoja amelipa dola themanini na tisa
ili afanye kazi.

Nami, Feza Mulonda wa Kalemie,
leo ni siku yangu ya tisini na saba ya kukatazwa.
Sheria imenihesabia siku mia na themanini,
na zaidi ikipenda,
kabla mkono huu haujashika kazi ya mshahara.
Nalala kwenye ukumbi wa michezo, kitanda cha turubai,
juu yangu kikapu cha mpira kisicho na wavu.
Nala wali wa kanisa. Nasema asante hadi taya zinauma.
Mgeni wa miezi mitatu, na hakuna anipaye jembe.
Basi nimejitwalia hili la bustani,
mpini umefungwa kwa waya,
na kwa kuwa nalishika kila siku
wakaniita msimamizi.

Kujitolea: neno ni lile lile.
Wao wamelinunua,
mimi ndilo nililobaki nalo.

Kazi ya leo ni kupanda vitunguu saumu.
Nawaonyesha kwa vidole, Kiingereza changu bado cha kuazima:
punje moja, shimo moja, ncha juu, kitako chini.
Wanaitikia kwa vichwa. Wanapiga picha.
Wanapanda kama watu wanaotia sarafu kwenye mashine,
haraka, kwa furaha ya kweli, sitawasingizia,
na punje zinaingia kichwa chini, zinaingia ubavu,
moja imeingia pamoja na karatasi ya chokoleti.

Mmoja tu aliuliza.
Wendell wa Duluth, fundi bomba mstaafu,
magoti yakalia kama bawaba kavu alipochutama.
Akainyoosha punje kiganjani:
"Kichwa chake kipi?"
Akapanda ishirini na nne kwa saa mbili,
kama alazaye watoto,
kisha akataka kujua vitavunwa lini.
Nikamwambia vitalala chini ya theluji,
vitachomoza Aprili, tutang'oa Julai.
"Julai," akasema, akahesabu kimoyomoyo
kitu ambacho si vitunguu.
"Utakuwepo?"
Sikuwa na jibu. Nilipomrudishia swali
naye hakuwa nalo.

Honi ikalia bandarini. Wakanawa, wakanikumbatia,
mama mmoja akanichomekea noti ya ishirini mfukoni,
akageuka upesi, kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Walipokwisha kuondoka nikarudi matutani
na tochi ya simu mdomoni,
nikafukua, nikageuza, nikafukia,
mstari baada ya mstari.
Wa Wendell sikuugusa.
Na wa mwisho, ule wa karibu na uzio,
niliuacha ulivyo, vidole vimekufa ganzi.
Nao utaota. Kitunguu kilichopandwa kichwa chini huota,
hupinda shingo tu
kuutafuta upande wa juu.

Kwa ile noti nikanunua muda wa maongezi.
Kalemie ilikuwa saa sita usiku, mama hajalala.
Nikamwambia, Mama, nimeshika kazi.
Akapiga kigelegele cha chinichini, asiamshe majirani,
kisha akauliza, kazi gani?
Nikasema:
ya kupokea wageni.