Pua ya Randa

Ndolo huuza chuma kwa kilo pale Gikomba,
ila randa hii alikuwa ameivisha gunia.
"Ina jina," akaninong'oneza. "Yenye jina, elfu mbili.
Isiyo na jina ni kuni. Mia tatu, uende ukapikie."

Nikaisugua pua kwa mswaki na parafini.
BHOGAL.
Herufi mojamoja, kila moja na pigo lake la nyundo,
G imeegemea L kwa mbali, hazifikiani.
Huyu si mtengenezaji, Ndolo. Huyu ni mwenye mali,
fundi aliyewajua vibarua wenzake.
Chapa ya kiwanda hupigwa mara moja, jina zima,
kina kimoja, haina wasiwasi na mtu.

Chini yake: OWUOR.
W ni M iliyopinduliwa, miguu wima kama ya kiti.
Aliazima herufi, hakuzipata zote.

"Na kisu?" Ndolo akakichomoa. "Soma! Sheffield!"
Kisu ni mpangaji tu, nikamwambia.
Huhama, huja mwingine. Nyumba ni mti.

Na mti wa kwao huwa na vitone,
kama ngozi iliyopigwa na baridi.
Huu hauna. Huu mzito, una mishipa ya moshi.
Nikakwangua kwa ukucha, nikanusa:
mutamaiyu,
ule ambao mkaa wake nyanya alisugulia vibuyu,
maziwa yakalala siku nyingi na yasioze.

Basi ilichongwa hapa hapa. Na nani?
Nikaling'oa kabari, nikamulika kooni kwa simu.
Alama za patasi zimeinama zote upande mmoja,
wa mtu wa mkono wa shoto.
Na penseli, hafifu: mstari, na nambari nne.
Ya nne kati ya ngapi, mti haukusema.

"Kwa hivyo haina jina," Ndolo akasema, amenuna.
Ningemwambia.
Nilikuwa na elfu moja na nauli ya Kariobangi.
Nikampa mia tatu.

Usiku nimeishika kwa mkono wa kushoto.
Ikanigomea, ikararua ubao,
ikagoma tena, nikatukana.
Halafu sijui nilifanya nini na kiwiko,
maranda yakaanza kutoka,
membamba, ungesomea gazeti nyuma yake.

Kesho nitapita kwa Ndolo.
Sijaamua kama ni kulipa au ni kusalimia.