Sheria ya Huruma

Arobaini na nne kwa bila.
Huku kwetu tunacheza sita kwa sita,
maana shule nzima ina wavulana kumi na tisa,
na baadhi yao bado ni mapema kuwaita wavulana.
Nilianza msimu na kumi.
Trekta ilimvunja Kolter mkono,
aljebra ikawachukua wawili.
Nimebaki na saba: sita uwanjani,
na wa saba, Soren, ana pumu.

Sheria inasema: baada ya mapumziko,
pengo likifika arobaini na tano
refa anapuliza, kila mtu kwao.
Inaitwa sheria ya huruma.
Imebaki alama moja tuhurumiwe.

Wageni tumepewa banda la mashine ya kukatia nyasi.
Wamekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa,
kofia ngumu mapajani, mvuke ukiwatoka vichwani
kama viazi vilivyoepuliwa sasa hivi.
Mlango haufungi. Upepo wa Montana
unaingia bila hodi, unanuka makapi ya ngano
na petroli.

Hotuba ninayo. Niliiandika Jumanne
nyuma ya risiti ya chumvi ya ng'ombe:
ina simba, ina vita, ina majina ya babu zao,
ina "kufa kiume" mara mbili.
Nikafungua mdomo, simba akagoma kutoka.
Ningewaambia nini? Kwamba wale wanafungika?
Wale wana ndevu.
Wana kocha wa mbio, kocha wa mikono,
na kocha wa hao makocha.
Mimi nafundisha kemia, naendesha basi,
na asubuhi hii nimeshona jezi namba ishirini na mbili
kwa uzi wa kuvulia samaki.

Nikasema lililokuwepo:
"Wakifunga mara moja, tumekwisha.
Basi lina joto. Anayetaka joto anyooshe mkono,
sitamwandika popote."

Kimya. Soren akavuta dawa yake, fyuu.
Mikono mitatu ilikuwa njiani kupanda, niliiona,
na wa nne, Mungu anisamehe, ulikuwa wangu.

Ndipo Dewey Rindahl, mpana kuliko mlango,
ambaye tangu Agosti sijamsikia akimaliza sentensi,
akaiambia ndoo ya mwenzake:
"Mama hajafika.
Zamu yake kwenye nyumba ya wazee iliisha saa moja.
Ni maili tisini."

Basi.
Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyegonga kabati;
hata makabati hayakuwepo.
Kolter, aliyekuja na bendeji yake kubeba maji,
akauliza, "Anaendesha ile Ford ya kijani?"
"Ile yenye taa moja."
Wakavaa kofia.

Sitadanganya: hatukufunga.
Lakini robo ya tatu yote tuliwaganda
kama kupe kwenye sikio la fahali.
Walikuja wakaangushwa, wakaja wakaangushwa,
na si kwa ufundi. Ufundi niliwafundisha,
haukuwahi kutusaidia.
Kila mpira ulipokufa, vichwa sita
viligeukia barabara.
Tate alitapika, Soren akaingia,
akakimbia kifua kikipiga miluzi.
Refa, mzee wa watu, akapita karibu yangu:
"Umewaambia nini hawa?"
"Habari za barabarani," nikasema.

Robo ya nne, kule maegesho,
taa moja.

Aliona dakika nne.
Katika ya tano wakapenya kushoto,
hamsini kwa bila, filimbi,
huruma ikatufikia.

Alikuwa bado na sare ya kazini, koti juu,
viatu vyeupe ndani ya matope.
Dewey akamwinamia, kofia kwapani:
"Uliniona nilivyomwangusha namba sabini?"
"Nilikuona."

Namba sabini aliteleza.
Nilikuwa hatua tatu kutoka pale.
Nikaenda kuwasha basi.