Alama Mbili

Malkia mweupe alikuwa betri ya redio
iliyokwisha, imeviringwa uzi mwekundu,
maana malkia wa kweli alipotea mwaka uliotangulia
kwenye tope la Tukuyu,
ambalo likimeza kitu halirudishi chenji.

Mwalimu Mwaisumo aliandika kila hatua
katika daftari la mahudhurio.
Hatua nzuri ilipata alama moja ya mshangao.
Alama mbili anazo, alisema,
ila hajazitumia tangu ahame Makete.

Nilizitaka.
Nilizitaka kuliko viatu.
Siku moja nikala ngome na farasi mfululizo,
nikaitazama kalamu yake.
"Sahihi," alisema. "Umekuta mlango wazi, umeingia.
Hata mbuzi huingia."

Sasa hatua gani, Mwalimu?
Mvua iligonga bati hadi tukasogeza vichwa.
"Ile ambayo mwenzako akiicheza
unamwonea huruma, unataka kumwambia:
mkono wako umeteleza, rudisha, cheza tena.
Kisha unatazama vizuri.
Kisha vidole vyako vinapoa."

Juni, Jumamosi. Ukungu umeingia darasani
kama mwanafunzi mchelewaji, umekaa nyuma.
Mbele yangu Tusekile,
vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi alizomenya asubuhi.
Akainua betri,
akaiweka ubavuni mwa mfalme wangu
bila mlinzi, bila neno,
kama mtu anayesahau mwavuli.

Nilicheka. Nikaila.
Ilikuwa bado nzito kiganjani mwangu
farasi wake, kizibo cha soda ya chungwa,
aliporuka.
Hatua tatu tu. Mfalme wangu akakosa pa kupumulia,
amezibwa na askari
niliowapanga mwenyewe wamlinde.

Mwalimu akachora alama ya kwanza,
akapuliza wino,
akachora ya pili.

Usiku ule, chini ya blanketi mbili, nikaiona:
nisingekula.
Mfalme angerudi kwenye kona, nyumba moja tu,
kona ile niliyoidharau,
na Tusekile angebaki na betri yake hewani
na aibu.
Hatua ile ilikuwa na tundu!
Sikumwambia mtu. Mwalimu alizikwa sijamwambia.
Miaka ishirini na sita
nililigusa tundu hilo kwa ulimi
kama jino bovu.

Mwezi jana nikamkuta Kiwira, anapima viazi,
koti la mvua, kalamu sikioni.
Salamu hazijaisha nikasema: kona.
Ningerudi kwenye kona.
Hakuuliza kona gani.
Hakuinua macho kwenye mizani.

"Niliiona," alisema.
"Niliiona kabla sijagusa betri.
Ila nilikuwa nimekutazama miezi minane
ukila kila kilichowekwa mbele yako."
Halafu, kwa kijana mwenye daftari:
"Themanini na saba. Andika. Gunia lile lina mawe."

Nimepanda gari hadi Uyole
nikibishana na marehemu.
Mwalimu, kama hatua ina tundu
na aliyeicheza alilijua tundu
na alimjua pia atakayelipita bila kuliona,
hicho ni kipaji, au kamari?
Na ile alama ya pili, uliyoipulizia wino,
uliiandika kwa ajili ya mkono wake
au wangu?